Kufuata na Kufuatilia: Vitenzi vya Kiingereza Vyenye Mkia kwa Mwanafunzi wa Goma

Anayeomba kazi katika shirika la misaada mjini Goma hachukui muda kukutana na maneno mawili mafupi: “follow up”. Yamo kwenye tangazo la kazi, yamo kwenye barua za ofisini, na hutajwa mkutano unapokaribia kufungwa. Mwombaji aliyesoma kwa Kifaransa anaijua “follow”, kwamba ni “suivre”, yaani kufuata. “Up” nayo anaijua, ni juu. Akiyaunganisha anapata “kufuata juu”, na maana inamponyoka. Kumbe jibu amekuwa nalo kinywani tangu utotoni. “Follow” ni kufuata. “Follow up” ni kufuatilia, au kufwatilia kama wengi wanavyotamka mjini humo.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo. Mtu wa Goma hujifunza Kiingereza kwa kupitia Kifaransa, maana ndiyo lugha ya darasa, ya vitabu na ya kamusi zilizopo. Kwa masomo mengi njia hiyo inafaa. Kwa vitenzi hivi vyenye mkia, ambavyo Waingereza huviita “phrasal verbs”, Kifaransa ni mzunguko mrefu, na Kiswahili ndiyo njia ya mkato.

Tazama namna mambo yanavyolingana. “Go” ni kwenda, “go on” ni kuendelea. “Hold” ni kushika, “hold on” ni kushikilia, na kwenye simu ni kusubiri bila kukata. “Throw” ni kutupa, “throw away” ni kutupilia mbali. Ukipewa mkataba na kuambiwa “go through it”, unaambiwa uupitie. Mzee anayeingilia kati ugomvi wa majirani ili auamue, Kiingereza husema “he stepped in”. Kile ambacho Kiswahili hukitia ndani ya kitenzi kwa -ia, -ilia au -elea, Kiingereza hukiweka nje, nyuma ya kitenzi, kama neno linalojitegemea. Kazi ni ile ile: kitenzi kinapewa mwelekeo, kinaongezewa uzito, au kinasukumwa mpaka mwisho wake. Walimu wa sarufi huita jambo hili mnyambuliko kwa upande wa Kiswahili, na mwanafunzi hulisoma akidhani halina uhusiano wowote na somo la Kiingereza la saa inayofuata.

Kifaransa hakina mkia wa namna hiyo. Chenyewe hubadilisha kitenzi kizima: “aller” inakuwa “continuer”, “tenir” kwenye simu inakuwa “patienter”, na kwa kufuatilia watu husema “assurer le suivi”. Kwa hiyo anayekwenda kwa kamusi ya Kifaransa huona “go” na “go on” kama maneno mawili yasiyo na undugu, naye huyakariri moja moja. Anayetoka kwenye Kiswahili huona undugu huo mara moja.

Kireno kiko upande wa Kifaransa katika jambo hili, na Kireno hakiko mbali na Goma kama ramani inavyoonyesha. Kongo ni mwanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 1997, na jumuiya hiyo ilifanya kazi zake kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno hadi Agosti 2019, Kiswahili kilipoongezwa kwenye mkutano wa Dar es Salaam. Kati ya 2013 na 2015 majeshi ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo yaliongozwa na Mbrazili, Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz. Wakongomani wengi wamekuwa wakimbizi katika kambi ya Maratane karibu na Nampula, Msumbiji, ambako lugha ya serikali ni Kireno. Huko “give up” ni “desistir”, “put off” ni “adiar”, “look for” ni “procurar”, “look after” ni “cuidar de”. Kila moja ni kitenzi kimoja, kizima, kisicho na mkia. Mbrazili na Mkongomani wanaojifunza Kiingereza wanakwama mahali pamoja, kwa sababu lugha zao za shule zote mbili zilizaliwa na Kilatini. Tofauti ni kwamba Mkongomani wa mashariki ana lugha ya pili, Kiswahili, ya kumwokoa. Na katika lugha hiyo meza, bendera, leso na gereza vilitokana na Kireno, kilichofika pwani na Vasco da Gama mwaka 1498.

Mfano mmoja unaonyesha lugha nne kwa pamoja. “Take off” ni kuvua nguo, na pia ni ndege kupaa. Kifaransa kina “enlever” na “décoller”. Mbrazili husema “tirar” na “decolar”. Kiswahili kina kuvua na kupaa. Wa Goma atakumbuka Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya njia ya kurukia ya uwanja wa ndege: ndege kubwa hazikuweza “take off” kwa urefu ule uliobaki. Lakini rudi kwenye nguo. “Put on” ni kuvaa, “take off” ni kuvua, na kilichobadilika katika Kiswahili ni irabu moja tu. Ndivyo ilivyo pia kwa kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kupakia na kupakua. Kiingereza kinapobadilisha “on” kuwa “off”, kinafanya kazi ambayo -u- ya Kiswahili hufanya: kinatengua kilichotendwa.

Si kila mkia unafunguka hivyo. “Give up” haina kutoa wala juu. Hapa mwanafunzi akumbuke mgeni anayejifunza Kiswahili, aliyefundishwa kwamba kupiga ni kuchapa, halafu akasikia watu wanapiga simu, wanapiga picha, wanapiga pasi, wanapiga magoti na kupiga kura bila mtu yeyote kuumia. Au aliyesikia kukata tiketi, kukata shauri, kukata rufaa. “Give up” ni kukata tamaa, na hakuna kisu kinachohusika. Ikifuatwa na tabia, kama “give up smoking”, ni kuacha. Kiswahili huchukua kitenzi kidogo cha kila siku na kukipa mwenzi wa kukibadilisha maana. Kiingereza hufanya hivyo hivyo kwa “get”, “put”, “take”, “come” na “give”. Aliyezoea kupiga na kukata hana sababu ya kuviogopa.

Wapi pa kuanzia? Usianze na kitabu chenye maelfu ya vitenzi vilivyopangwa kwa alfabeti. Mwaka 2007 watafiti Dee Gardner na Mark Davies walichambua hazina ya Kiingereza cha Uingereza yenye maneno milioni 100, wakakuta vitenzi 20 tu vikiungana na mikia 8 vinatoa zaidi ya nusu ya vitenzi vyote vya namna hii. Mwaka 2015 Mélodie Garnier na Norbert Schmitt walitoa orodha ya 150 vinavyotumika zaidi, pamoja na maana zake za kawaida. Kinachoongoza orodha hiyo ni “go on”, yaani kuendelea. Mia na hamsini ni kazi ya miezi michache kwa mtu anayekaa na daftari lake kila jioni, na kwa mahitaji ya ofisi vinatosha kuanzia.

Kabla ya vitenzi, jifunze mikia. “Out” ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Shina lake ni kutoka ndani kwenda nje, na maana nyingine zinaota hapo. Kilichokuwa kimefichika kinatoka hadharani: “find out” ni kugundua, “point out” ni kuonyesha jambo ambalo wengine hawakuliona. Kilichokuwa kimya kinazuka: “break out”. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Goma Julai 2019, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Ripoti za Kiingereza za kipindi hicho zimejaa “broke out” kama kitenzi na “outbreak” kama nomino. Vilivyo mkononi vinakwenda kwa watu: “hand out” ni kugawa, neno ambalo kila anayefanya kazi kwenye ugawaji wa chakula atalihitaji. Kilichokuwepo kinakwisha: “run out of” ni kuishiwa. “We have run out of water” ni tumeishiwa maji. Na moto unatoweka: “put out” ni kuzima, “go out” ni kuzimika. Mwanafunzi aone hapa kwamba Kiswahili kinatofautisha mzimaji na kinachozimika kwa herufi chache tu, huku Kiingereza kikibadilisha kitenzi na kuacha mkia ule ule.

“Up” mara nyingi haina uhusiano na juu. Ni kufikisha mwisho. “Use up” ni kutumia mpaka kiishe, “clean up” ni kusafisha pote, “fill up” ni kujaza mpaka pomoni, kama lile dumu la lita 20, “bidon” la Goma, linalojazwa maji ya Ziwa Kivu. “Wake up” inastahili tahadhari: ni kuamka, na pia ni kumwamsha mtu. “I woke up” ni niliamka. “I woke her up” ni nilimwamsha. Kiingereza kimeliachia kazi hiyo neno “her”. “Blow up” nayo ni kulipuka na kulipua.

“Off” ni kuachana au kukatika. “Cut off” ni kukata kabisa, iwe umeme au barabara. “Set off” ni kuanza safari. “Pay off” ni kumaliza deni. “Call off” ni kufuta mkutano, na “put off” ni kuuahirisha. Anayechanganya hayo mawili atawakosesha watu mkutano ambao bado upo. “Down” ni kushuka kwa nguvu au kwa kiasi: “slow down”, “calm down”, na “break down”, ambayo ni gari kuharibika njiani.

Sasa mahali pa kiwakilishi, ambapo makosa mengi hutokea. Unaweza kusema “turn off the light” au “turn the light off”. Lakini taa ikishatajwa na kubaki kiwakilishi tu, ni lazima kikae katikati: “turn it off”. “Turn off it” ni kosa, na ni kosa analofanya hasa anayefikiri kwamba kitenzi na mkia wake havitenganishwi. Kiswahili tena kinasaidia. Katika “izime”, au “nimeizima”, ile i- ya taa haiwezi kungoja mwisho wa sentensi. Lazima iingie mwilini mwa kitenzi. Jizoeze kwa jozi: izime, “turn it off”, iwashe, “turn it on”, ijaze, “fill it in”, kwa fomu, irudishe, “give it back”, mpokee pale barabarani, “pick him up”, mteremshe, “drop him off”.

Kuna kundi lisilokubali kitu katikati. “Look for it”, itafute. “Look after them”, watunze. “Count on me”, nitegemee. Sikio hutambua kundi hili upesi kuliko kanuni. Katika “turn it off” sauti huelemea mkia. Katika “look for it” huelemea kitenzi, na mkia hupita kwa wepesi. Mkia mzito hukubali kutengwa na kitenzi chake kwa kiwakilishi. Mkia mwepesi hushikamana nacho. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea mkazo uliokaa pale pale, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ajipe muda wa kusikiliza kabla ya kuiga. Mkazo wa Kiingereza hutenganisha pia kitenzi na nomino. Kukabidhi ni “hand over”, uzito nyuma, maneno mawili. Makabidhiano ni “handover”, uzito mbele, neno moja.

Ofisi za Goma zina msamiati wake. “Set up” ni kuanzisha au kusimika, kama kituo cha afya kwenye kambi. “Carry out” ni kutekeleza au kufanya, kama uchunguzi. “Break down”, ile ya gari, ikitumiwa kwa takwimu ni kuzichanganua, na wafadhili huomba hesabu ziwe “broken down” kwa jinsia na umri. Kuna pia maneno machungu ambayo watu wengi mjini walilazimika kuyajua mwaka 2025, Marekani ilipositisha misaada yake ya nje mwezi Januari, na mwezi huo huo Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23: “lay off”, kupunguza wafanyakazi, “shut down”, kufunga shughuli, “pull out”, kuondoka na kuacha mradi. Aliyepokea barua yenye “laid off” anapaswa kuielewa kikamilifu kabla ya kuitia sahihi. “Laid off” ni kazi kuisha kwa sababu zisizo kosa lake, na “fired” ni kufukuzwa. Tofauti hiyo inaweza kuamua kama mwajiri wa baadaye atamsikiliza.

Barabarani Kiswahili hakisaidii vya kutosha, na ni haki kulisema. Mtu hupanda moto, yaani pikipiki, hupanda gari, hupanda boti ya Bukavu. Kitenzi ni kupanda kote. Kifaransa nacho kina “monter”, Kireno kina “subir”. Kiingereza kinachagua: “get on” kwa moto, boti, basi na ndege, “get in” kwa gari dogo. Kushuka ni “get off” kwa vile vya kwanza na “get out of” kwa gari. Njia ya kukumbuka ni kuuliza mwili unafanya nini. Unapokaa mgongoni mwa chombo, au kinapokuwa na nafasi ya kusimama na kutembea, ni “on”. Unapoinama kuingia na kukaa palepale, ni “in”.

Kifaransa kitarudi kuwa msaada mkubwa katika uandishi. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kilikaa ikulu na mahakamani kwa karne nyingi, na Kiingereza kikabaki na maneno mawili kwa mambo mengi: moja la nyumbani lenye mkia, moja la kirasmi lenye sura ya Kilatini. “Carry on” na “continue”. “Put out” na “extinguish”. “Put up with” na “tolerate”. “Find out” na “discover”. Samuel Johnson alikiri katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 kwamba vitenzi hivi vyenye mkia ndivyo vinavyowasumbua wageni kuliko mengi mengine. Kwa ripoti ya mfadhili au barua ya mahakama, Mkongomani achague bila wasiwasi neno linalofanana na Kifaransa, kwa kuwa litakuwa sahihi na la heshima. Kwenye simu, mkutanoni na kwenye usaili atumie lenye mkia, la sivyo atasikika kama anayesoma hati kwa sauti.

Ila ajihadhari na pacha wa uongo. “Supporter” ya Kifaransa ni kuvumilia. “Support” ya Kiingereza ni kuunga mkono. Anayesema “I cannot support this noise” amesema haungi mkono kelele. Kuvumilia ni “put up with”, maneno matatu yasiyotengana.

Daftari lipangwe hivi. Vitenzi 5 kwa wiki, visizidi. Kwa kila kimoja andika sentensi moja ya Kiingereza inayohusu maisha yako, yenye mtaa wako na kazi yako ndani yake: soko la Virunga, foleni ya Petite Barrière mpakani, mtoto wa dada yako. Chini yake andika sentensi hiyo kwa Kiswahili, kwa kitenzi ambacho ungetumia kweli ukiongea na mama yako, si kile cha kamusi. Kisha iandike upya ukiwa na kiwakilishi mahali pake. Kifaransa kije mwisho, ukikihitaji. Kwa masikio, BBC hutangaza habari zile zile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: sikiliza kwanza ya Kiswahili ili ujue kisa, halafu ya Kiingereza ukisubiri mikia tu. Ukipata mitatu kwa habari moja, inatosha kwa siku hiyo. Ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, shule zimekuwa zikielekea Kiingereza tangu Rwanda ilipoamua hivyo mwaka 2008, na anayevuka kila siku kwa biashara ana nafasi ya mazoezi ambayo wengine hawana.

Liko neno moja la kuweka kando kwa barua ya kuomba kazi, kwa kuwa linasimama mwisho wake na hukosewa mara nyingi: “look forward to”, kusubiri kwa hamu. Ile “to” ni sehemu ya mkia, kwa hiyo kitenzi kinachofuata huchukua “-ing”. Andika “I look forward to hearing from you”, si “to hear”. Kwa Kiswahili ni: nasubiri jibu lenu kwa hamu. Chini yake jina lako, na namba ya simu inayopatikana.